Pima rimu kwanza, tairi baadaye

Wiki hii hatuandiki juu ya shule wala juu ya vitambulisho. Tunaandika juu ya gurudumu la nyuma la baiskeli. Wanaocheka wacheke, kesho asubuhi watakuwa wamelikalia.

Msimamo wetu tunauweka hapa juu ili hata mwenye bando la dakika mbili aupate. Baiskeli zetu za mizigo zinakufa mapema kwa sababu tunanunua tairi siku yake na rimu siku yake, kila kimoja kwa bei yake, bila kuuliza kama vinaelewana. Tunalipenda tairi pana kwa macho, tunalivalisha rimu nyembamba iliyo dhaifu, halafu tunalaumu barabara. Sisi tunasema pesa ya kwanza iende kwenye rimu ya nyuma na spoki zake, na tairi lichaguliwe kufuata upana wa rimu hiyo.

Mtu atasema haya ni mambo ya mafundi, vijana wa kuandika wanayajulia wapi. Tunayajua kwa sababu tunabeba. WFP ilipunguza mgao kwa asilimia 30 mwezi wa Aprili 2020, ikaupunguza tena baadaye, na tangu hapo nyumba nyingi kati yetu zinaishi kwa kile kinachotoka sehemu moja kwenda nyingine juu ya keria: mihogo mikavu, nyanya, simsim, samaki wakavu, majerikani ya mafuta ya kula. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi. Ni sheria nzuri, tunajua nchi ambako ndugu zetu hawaruhusiwi kutoka kambini bila karatasi. Lakini kutoka zoni za ndani za Rhino Camp mpaka Arua mjini ni karibu siku nzima ya kukanyaga ukiwa na gunia, na boda akishakula nauli yake, faida ya nyanya inabaki hadithi. Kwa hiyo ni baiskeli.

Na baiskeli ikivunjika chini ya mzigo, haivunjiki mahali pazuri. Ile lami ya Arua–Koboko–Oraba ni raha kwa miguu, ila malori ya Sudan Kusini yanapita hapo kama yamefukuzwa. Mwaka jana kijana mwenzetu mmoja alikuwa anashuka mteremko upande wa Koboko na magunia mawili ya mihogo. Rimu ya nyuma ilijikunja kama chapati. Yeye alianguka upande wa majani, mihogo ikaanguka upande wa lori. Alipona na michubuko ya mkono. Lakini mihogo ilikuwa ya mama mmoja aliyemwamini kwa mkopo, na mama naye alikuwa ameichukua kwa mkopo. Deni hilo lililipwa kwa miezi minne. Ukiitazama ile rimu (tuliitazama, bado ipo) unaona kuta zake zimelika mpaka zikawa nyembamba kama kopo la nyanya, na juu yake lilikuwa tairi jipya kabisa, nene, la meno, zuri kwa picha.

Sasa tuingie dukani.

Unafika Arua kwenye maduka ya vipuri, unasema unataka tairi la inchi 28. Mazungumzo yanakuwa hivi:

"Mzee, hili litaingia kwenye ile nyeusi yangu?"

"Kijana, wewe umesema 28, hii ni 28. Kwani unataka 28 gani?"

Mzee hasemi uongo, ila hilo swali lake ndilo hasa la kujibu, maana 28 si moja. Zile baiskeli nyeusi za Kihindi na za Kichina zenye breki za vyuma virefu, ambazo Wakenya wanaziita black mamba, zinavaa 28 ambayo ubavuni imeandikwa 28 x 1 1/2. Baiskeli za mitumba kutoka Ulaya nazo zinavaa tairi linaloandikwa 28, lakini ni 28 nyingine, ndogo kidogo. Ukiyaweka mawili pamoja juu ya meza huoni tofauti. Ukiyavalisha, utaiona njiani.

Dawa ni kuacha kusoma inchi. Geuza tairi, tafuta ubavuni namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 40-635. Ziko karibu kwenye kila tairi la kiwanda, ndogo, mara nyingine zimejificha kwenye vumbi, lakini ziko. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu, kwa milimita pia. Hiyo ya pili haina mjadala: lazima iwe sawasawa na ya rimu yako. Baiskeli nyeusi ni 635. Ya mtumba kutoka Ulaya mara nyingi ni 622. Tofauti ni milimita 13, upana wa kidole cha mtoto. Tairi la 635 juu ya rimu ya 622 linaingia kirahisi, hata mkono unatosha, na mtu anafurahi kwamba leo fundi hakutoka jasho. Usifurahi. Tairi linaloingia bila kubishana litatoka pia bila kubishana, na litachagua siku ya gunia.

Kwa inchi 26 mtego ni mbaya zaidi. Baiskeli za mlima, mauntini tunavyoziita, ni 559: utaona 50-559 au 54-559. Lakini kuna baiskeli za zamani za mjini, nyingi za kina mama, zinazovaa 26 x 1 3/8, na hiyo ni 590. Zote zinaitwa 26, na kati yao kuna milimita 31. Ukiona namba ya inchi imeandikwa kwa mkato wa hesabu, kama 1 3/8, na nyingine imeandikwa kwa nukta, kama 1.95, jua hao si ndugu hata kama jina la ukoo ni moja.

Hiyo ni kipenyo, na fundi yeyote mwenye uzoefu anaijua japo hana haja ya namba. Sehemu ambayo hata mafundi wazuri wanaipita haraka ni upana, na hapo ndipo tunapotaka kukaa.

Rimu ina upana wa nje na upana wa ndani. Wa nje ndio unaouona. Wa ndani, kati ya kuta mbili ambamo kingo za tairi zinajishikiza, ndio unaofanya kazi. Kuupima si lazima kifaa cha maabara. Toa tairi, kata kipande cha boksi la sabuni mpaka kiingie katikati ya zile kuta bila kubanwa na bila kucheza, kisha kiweke juu ya rula ya mtoto wa shule. Umepata namba yako. Rimu nyingi za bei rahisi za mauntini tulizozipima wenyewe kwa njia hii zilikuwa karibu milimita 20. Mtu akikuuzia rimu na hakuruhusu kuipima, mwachie rimu yake.

Kanuni ambayo waunda magurudumu wanaitumia kwa mazoea ni kwamba upana wa tairi uwe kati ya mara moja na nusu na mara mbili ya upana wa ndani wa rimu. Rimu ya 20, basi, inapenda tairi la 30 mpaka 40. Rimu ya 25 inapenda 37 mpaka 50. Tunajua viwanda vinaruhusu zaidi ya hapo. Tunajua pia kuna mtu amevaa 54 kwenye rimu ya 20 miaka mitatu na anaenda nayo kanisani kila Jumapili bila shida. Anaenda na nini? Na Biblia. Sisi tunaongelea majerikani sita ya maji, na jerikani moja la lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo ni kilo 120 kabla hujapanda wewe mwenyewe.

Tairi pana sana juu ya rimu nyembamba linakaa kama balbu ya taa, kichwa kikubwa juu ya shingo ndogo. Bila mzigo huhisi kitu. Weka mzigo, ingia kwenye kona, na utahisi baiskeli inaogelea: wewe umeshakata kulia, mzigo bado unafikiria kushoto. Ubavu wa tairi unajikunja huku na huku kila mzunguko mpaka nyuzi zake zinaanza kuonekana karibu na ukingo. Wengi wetu tumeziona hizo nyuzi tukasema tairi ni feki. Wakati mwingine ni feki kweli, soko letu tunalijua. Wakati mwingine tairi ni zima, limeonewa tu.

Sasa angalia kinachofuata, maana ndicho kinachoua watu. Mwenye baiskeli anahisi kuogelea, anakwenda kwa fundi, fundi anasema ongeza upepo. Anaongeza. Baiskeli inatulia kweli, na kila mtu anaona tatizo limekwisha. Lakini upepo uleule, ukiwa ndani ya tairi pana, unazivuta kuta za rimu kwa nguvu kubwa kuliko ukiwa ndani ya tairi jembamba. Ndiyo sababu matairi mapana yameandikwa upepo mdogo ubavuni, si kwa sababu kiwanda kinaogopa. Ukijaza tairi la 54 kwa upepo wa tairi la 40, umeipa rimu kazi ya kushikilia kitu kinachotaka kuipasua. Na kama ni rimu ya aluminiamu ambayo breki zimekuwa zikiisugua kwa miaka pamoja na mchanga wa barabara zetu, ukuta wake umeshaliwa nusu. Pitisha kidole ubavuni mwa rimu pale breki inapogusa. Ukihisi bonde, kama ndani ya kijiko, hiyo rimu imemaliza siku zake, isibebeshwe tena. Mpe mtoto afanye mchezo wa kuisukuma na kijiti.

Kinyume chake kipo pia, ila hapa kwetu ni nadra: tairi jembamba juu ya rimu pana. Linalala bapa, rimu inakaa karibu na mawe, na shimo la kwanza linabana tyubu kati ya jiwe na chuma. Unapata pancha ya matundu mawili yaliyo sambamba, kama nyoka ameuma. Hilo tusilipigie kelele nyingi.

Tumesema rimu imara, na lazima tuseme imara ni ipi, kwa sababu dukani kila rimu ni imara. Aluminiamu ziko za ukuta mmoja na za kuta mbili. Ya ukuta mmoja ukitoa tairi na ule utepe wa mpira unaona nati za spoki ziko pale pale juu, kichwa wazi. Ya kuta mbili, nati zimezama ndani ya tundu, unazifuata kwa bisibisi, na ukichungulia tundu la valvu unaona matabaka mawili na uwazi katikati. Huo uwazi ndio nguvu yake, kama mwanzi unavyoishinda fimbo iliyo bapa. Kwa mzigo, ya ukuta mmoja usiiguse hata wakikupunguzia bei. Kama matundu ya spoki yamevishwa vipete vya chuma, bora zaidi, spoki haitararua rimu.

Halafu hesabu matundu. Baiskeli nyeusi za zamani zilirithi hesabu ya Waingereza: spoki 32 mbele na 40 nyuma. Hao watu hawakuwa wajinga, waliona mzigo unakaa nyuma. Mauntini nyingi zina 36 nyuma, na hizo zinatosha zikiwa zimekazwa vizuri. Chini ya hapo ni baiskeli ya mazoezi. Na kumbuka habu nayo ina hesabu yake: rimu ya matundu 36 haiwezi kuvaa habu ya 40. Tumeona mtu amesafiri kutoka Koboko mpaka Arua, akarudi na rimu nzuri kabisa ambayo haikuwa na pa kufungwa. Kwa hiyo kabla ya safari andika kwenye simu yako vitu vitatu: kipenyo, upana wa ndani, idadi ya spoki. Piga na picha.

Kuhusu kukaza spoki, kila mwenye sikio anaweza kuangalia kazi ya fundi. Watu wa West Nile wanapiga adungu, na hakuna anayevumilia adungu ambayo uzi mmoja umelegea. Gonga spoki za upande mmoja wa gurudumu moja baada ya nyingine kwa kucha. Zikitoa sauti za karibu, sawa. Moja ikisema "tiing" na jirani yake "dub", mzigo wote wa hiyo iliyolegea umehamia kwa wenzake, na hao watakatika mmoja mmoja kuanzia wiki ijayo. Gurudumu jipya lirudishwe kwa fundi baada ya safari mbili tatu za mzigo, likazwe tena. Fundi anayekuambia si lazima, labda hajawahi kubeba.

Kuna wazee wetu watakaosema: kelele zote hizi za nini, nunueni nyeusi ya chuma, basi. Waliotoka Bunia wanasema kinga ni ile nyeusi, nyingine ni mapambo, na waliopita Kisangani wanatutajia toleka, zile baiskeli za kubeba abiria na mizigo. Tunawaheshimu, na nusu ya neno lao tunalichukua. Rimu ya chuma ikipinda unaigonga kwa nyundo ikarudi. Ya aluminiamu ikipinda vibaya haina kesho. Tena gurudumu la nyuma la nyeusi lina gia moja tu, kwa hiyo spoki za kulia na za kushoto zinavuta karibu sawa. Kwenye mauntini yenye gia saba, ule mrundo wa gia unasukuma habu upande mmoja. Spoki za upande wa gia zinasimama wima na kubeba zaidi, na ndizo zinazokatika kwanza, tena mahali ambapo bila kutoa gia huwezi kuingiza nyingine. Mtu anayebeba magunia hahitaji gia saba hizo. Bondeni anapanda, mlimani anashuka na kusukuma, kama sisi sote.

Lakini nusu nyingine ya neno la wazee hatuichukui. Chuma kikilowa hakishiki breki. Aprili na Agosti mnajua mvua yetu, na mteremko wenye kilo mia moja mgongoni na breki isiyoshika si jambo la kumwachia Mungu peke yake. Pia ukivaa 28 nyeusi umefungwa kwenye tairi la 40 hivi, huwezi kupanua, na kwenye mchanga mzito wa Rhino Camp wakati wa kiangazi 40 inazama. Kwa hiyo sisi kwa lami na udongo mgumu wa Koboko tunasema nyeusi ya spoki 40 bado ni mwalimu. Kwa mchanga tunasema 26 ya 559, rimu ya kuta mbili yenye upana wa ndani 25 au zaidi, spoki 36 nene, tairi la 47 mpaka 50.

Siyo sisi tuliogundua hiyo ya pili. Kuna shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, ambalo limetengeneza baiskeli inayoitwa Buffalo kwa ajili ya vijiji vya Afrika. Keria yake imepangwa kubeba kilo 100, na matairi yake ni ya inchi 26, mapana. Hawakuanza na tairi. Walianza na mzigo, wakatafuta rimu na spoki za kuubeba, tairi pana likaja juu ya hapo. Vilevile wale wazungu wanaozunguka dunia kwa baiskeli na mikoba minne: wengi wao kwa miaka mingi wamependa inchi 26, rimu ya kuta mbili, spoki 36, na sababu mojawapo ni kwamba tairi la 559 linapatikana karibu kila nchi. Wao wakibeba kilo 40 wanaandika vitabu vya ushauri juu ya kuchagua rimu. Mama anayetoa kilo 80 za mihogo kwenda sokoni hajaandikiwa hata ukurasa. Ndiyo maana tumeandika.

Hapa tuna neno kwa wanaotoa baiskeli. Tunashukuru, na hatusemi kwa dharau. Miaka michache iliyopita watu wetu wa kujitolea wa afya walipewa baiskeli na shirika moja ambalo hatulitaji. Zilikuwa zinang'aa, gia nyingi, matairi ya meno makubwa, rimu za ukuta mmoja. Picha zilipigwa. Watu wa afya hawabebi dawa tu, wanabeba mgonjwa akibidi, na nyumbani baiskeli ileile inabeba maji. Msimu mmoja wa mvua ukapita, zikaanza kuegemezwa ukutani moja moja, zote na ugonjwa uleule wa nyuma. Kwa bei ya gia zile na rangi ile wangeweza kununua gurudumu la nyuma la maana. Mkija tena, tafadhali, kabla ya kuagiza muulizeni mtu mmoja tu anayebeba: rimu gani? Au leteni magurudumu ya nyuma peke yake. Fremu tunazo.

Na neno la mwisho ni letu wenyewe, la vikundi vya akiba. Tunakopeshana kwa mbegu, kwa ada, kwa mtaji wa duka, kwa malipo ya kwanza ya pikipiki ambayo wengi hawamalizi. Hatujawahi kusikia kikundi kikimkopesha mtu gurudumu. Tunapendekeza, na tunajua tutapingwa kwenye kikao, kwamba gurudumu la nyuma lihesabiwe kuwa mtaji kama mbegu. Kikundi kinunue rimu na habu na spoki kwa jumla, kwa kipimo kimoja, fundi wetu alijenge, mkopaji alipe kidogo kidogo kila baada ya soko. Kipimo kimoja maana yake pia tairi moja, tyubu moja, spoki za urefu mmoja: ukikatikiwa Lobule unaazimwa na jirani. Wanaopinga wanasema gurudumu linaweza kuuzwa likapotea. Mbegu nazo zinaweza kupikwa, na zimepikwa.

Tunaanza kidogo. Jumamosi hii baada ya mechi, chini ya ule mwembe wa uwanjani, tutakuwa na rula, maboksi ya sabuni, spana ya spoki na fundi mmoja mwenye subira. Njoo na baiskeli, tutatoa tairi la nyuma, tutapima, tutakuandikia namba zako tatu kwenye karatasi uende nazo dukani. Ni bure. Ila uje na pampu yako, maana ya kwetu ni moja na mpira wake unavuja.